MWANGUKO WA BEI SI MVUA YA MAWE

Ndugu wafanya kazi wa chai na wa reli,

Kila bei ya chai inapoteremka sokoni Mombasa, wenye mashamba hutuletea neno lile lile: "Bei ya dunia imeanguka, kila mtu avumilie." Wanalisema kana kwamba ni mvua ya mawe, ile inayotupiga hapa Kericho na Bomet na kuyachana majani ya chai bila kuuliza shamba ni la nani. Sisi tunakataa. Mvua ya mawe haichagui. Shida ya uchumi ina wenye kuchagua nani ataibeba na nani atafunikwa mwavuli. Tutaeleza kwa mfano wa shida iliyo kubwa kuliko zote, ile ya mwaka 1929.

ILIANZA VIPI MAREKANI

Katika miaka ya 1920 viwanda vya Marekani vilitengeneza mali nyingi kuliko wakati wowote kabla yake. Lakini mishahara haikupanda sawa na mali. Faida kubwa ilikwenda kwa wachache, nao wakanunua hisa, wengine kwa fedha za kukopa, wakitumaini kwamba bei itapanda siku zote. Wakulima walikuwa wamekwisha kuumia kwa bei ndogo ya mazao tangu baada ya vita ya kwanza. Mwenye kutengeneza mali hakuwa na fedha ya kuinunua. Je, jengo la namna hiyo lisimame kwa nguzo gani?

Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Mabenki yakafungwa kwa maelfu, na akiba za watu zikapotea ndani yake. Mwaka 1930 serikali ikapandisha ushuru wa vitu vya kutoka nje, nchi nyingine zikalipiza, biashara ya dunia ikazidi kusinyaa. Kufika mwaka 1933, mfanya kazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi.

Je, chakula hakikuwapo? Kilikuwapo tele! Mwaka 1933 serikali iliwalipa wakulima waing'oe pamba iliyokwisha kuota, na nguruwe kama milioni 6 wakachinjwa ili bei ipande, huku watu mijini wakipanga mstari kungojea supu. Hawakulala na njaa kwa kukosa chakula nchini. Walilala na njaa kwa kukosa mshahara.

Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa kumsifu Yusufu kwa kuweka nafaka ghalani Misri. Lakini someni pia Mwanzo, sura ya 47. Watu walipokwenda kununua chakula, kwanza fedha yao iliisha, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Marekani vile vile: mkulima alishindwa na deni, benki ikachukua shamba. Njaa ya wengi ni mavuno ya mwenye ghala.

HAPA KWETU JE?

Shida ile haikukaa ng'ambo. Bei ya mahindi, kahawa na katani ikaanguka, na nzige nao wakavamia miaka ile ile. Masetla walilia. Walikuwa na vyama vyao na viti katika Baraza la Kutunga Sheria, basi kilio chao kilisikiwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikawapa mikopo, na mwaka 1931 ikawafungulia Benki ya Ardhi. Reli, yaani njia hii hii ipitayo Londiani na Lumbwa, ilisafirisha mahindi yao kwa nauli ndogo, na nauli kubwa ikatozwa nguo na vitu vingine vya dukani. Ilipotajwa kodi ya mapato, walipinga, nayo haikuja mpaka 1937.

Na Mwafrika? Mshahara wa kibarua wa shamba, uliokuwa kama shilingi 12 kwa mwezi, uliteremka mpaka kama 8. Kodi ya kibanda, shilingi 12 kwa mwaka katika wilaya nyingi, haikuteremka pamoja nao. Pigeni hesabu. Kodi iliyolipwa kwa jasho la mwezi mmoja sasa ilitaka mwezi na nusu, mtu hajala, hajanunua blanketi. Mwenye nyumba mbili alilipa mara mbili. Na kipande kilikuwa kinaning'inia shingoni.

Hapa Kericho mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Makampuni makubwa ya chai yalikuja katikati ya miaka ya 1920. Bei ya chai ilipoanguka nayo, wenye mashamba wa India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi hawakusema "tuvumilie". Walikutana, na mwaka 1933 wakapatana kupunguza chai inayouzwa nje ili bei ipande. Afrika Mashariki nayo ikaingizwa kwa kuwekewa mpaka wa kupanda. Basi bei ya dunia ilishikika! Matajiri wakiungana, jina lake ni mapatano. Wafanya kazi wakiungana, jina lake ni fitina.

Katika miaka hiyo Mkipsigis hakuruhusiwa kupanda chai katika ardhi ya baba zake; alingoja mpaka miaka ya 1950. Wachumaji wengi walitoka Nyanza, na wengi wao walikuwa watoto. Sheria ya siku zile iliruhusu kuajiri mtoto wa miaka 10, hata Archdeacon Owen wa Nyanza akapiga kelele. Mtoto alipunjwa mshahara, baba yake akadaiwa kodi.

NANI ALIPATA NAFUU?

Marekani nafuu haikushuka kama mana. Mwaka 1932 maelfu ya askari wa zamani walikwenda Washington kudai haki yao, wakafukuzwa na jeshi. Mwaka 1934 wapakuzi wa meli wa San Francisco na madereva wa malori wa Minneapolis waligoma. Mwaka 1935 zikatoka sheria mbili: moja ya kulinda haki ya kujiunga na chama, nyingine ya pensheni na msaada kwa wasio na kazi. Lakini zote mbili ziliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, na huko Kusini wengi wao walikuwa watu weusi.

Watu weusi wa reli hawakungoja huruma. Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman walianzisha chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph. Walitishwa, walifukuzwa, walishikilia. Agosti 1937, baada ya miaka 12, kampuni ikatia sahihi. Mwaka ule ule mjini Nairobi, chama cha Makhan Singh kiliongoza mgomo mrefu, na mishahara ikapandishwa. Setla alikuwa na chama, akapata benki. Mhudumu wa Pullman alikuwa na chama, akapata mkataba. Mchumaji wa Kericho hakuwa na chama, akaletewa kodi.

MSISEME NI YA KALE

Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, kwa kuwa watu waliona chuma kimoja kinakula ugali wa nyumba nyingi. Sisi hatusifu moto. Moto huleta polisi, na kampuni huagiza mashine nyingine. Mwaka 2025 wakulima wadogo wa Kericho na Bomet walilia kwa bonasi ndogo. Nasi wa reli tunajua: mizigo ilipohamia malori, kofia zetu ndizo zilizohesabiwa kwanza. Mchumaji, mkulima mdogo na mtu wa reli hulaumiana, na mwenye ghala anatazama.

Kwa hiyo tunasema tungali na nguvu, kabla bei haijaanguka tena:

1. Vitabu vya hesabu vifunguliwe mbele ya chama kabla mshahara wa mtu yeyote kuguswa. Anayetaka tugawane hasara na atuonyeshe alivyogawa faida.

2. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, ishikwe barabara. Mwajiri anayepunguza watu sharti akiarifu chama na ofisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Wajumbe wa matawi, isomeni kwa sauti kambini.

3. Mashine isiingie shambani bila mapatano ya maandishi na chama.

4. Kibarua wa msimu aandikishwe chamani. Anayeachwa nje leo ndiye atakayetumiwa kesho kuteremsha mshahara wako.

Ndugu, mvua ya mawe tunamwachia Mungu. Mwanguko wa bei una watu, una mikutano, una sahihi. Penye sahihi zao, yetu nayo iwepo.

UMOJA NI NGUVU.