Kabla ya kumtusi gavana, uliza Nairobi imeomba nini Bungeni

Mvua ilipojaza mtaro wa mtaa wetu, niliamua kwamba siku hiyo sitapiga picha ya kuweka mtandaoni. Nikasema leo naenda afisini kama mtu mzima. Afisi ya kwanza wakaniambia barabara ile si yao. Ya pili wakasema barabara ni yao ila mtaro si wao. Ya tatu sikufika hata kwa meza, bawabu aliniuliza nimetumwa na nani. Nikarudi nyumbani viatu mkononi, na maji yalikuwa bado yapo.

Najua nawe unayo yako. Labda ni taa ya barabarani iliyozimika na sasa ukishuka mat usiku unatembea mbio. Labda ni steji iliyohamishwa bila mtu kukuuliza. Na najua tunachofanya baadaye: tunatoa simu, tunamtusi gavana, marafiki wanacheka, tunalala. Mimi pia nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini hebu nikuulize swali ambalo mimi mwenyewe nimechelewa kujiuliza: Nairobi inapoenda Bungeni kuomba kitu, huwa inaomba nini kwanza?

Usicheke. Hili ndilo swali la mtaro wangu na taa yako.

Kaunti ya Nairobi haiwezi kujiamulia kila kitu. Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kutoza ada za ardhi na majengo, kodi ya burudani, na malipo ya huduma inazotoa. Ikitaka kodi nyingine yoyote, lazima Bunge lipitishe sheria kwanza. Barabara nazo zimegawanywa: kuna za kaunti na kuna zilizo chini ya KURA, shirika la Serikali Kuu. Pesa za mgao zinatoka Hazina ya Kitaifa, na mfumo wa kuzigawa kati ya kaunti 47 huamuliwa na Seneti kila miaka mitano. Maana yake ni kwamba mengi unayomdai gavana, ufunguo wake hauko City Hall. Uko Bungeni. Na ukifuata City Hall Way kwa miguu, unafika Bungeni kwa dakika chache tu.

Sasa tuangalie mfuko. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote zilitengewa Sh370 bilioni, na Nairobi ikapata takriban Sh19.25 bilioni. Zinasikika nyingi, sivyo? Sensa ya 2019 ilitupata watu 4,397,073 katika jiji hili. Gawanya. Kila mkazi anapata karibu Sh4,380 kwa mwaka, yaani shilingi 12 kwa siku. Shilingi 12 za zahanati, takataka, taa, mitaro na chekechea. Hazitoshi hata nauli ya mat kutoka mtaani hadi tao. Ukigawa zile Sh370 bilioni kwa Wakenya wote, kila mmoja angepata takriban Sh7,780.

Hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Mfumo uliopitishwa 2020 ulitoa uzito wa asilimia 10 kwa kilimo na asilimia 5 kwa huduma za mijini. Unakumbuka Seneti ilivyokwama mwaka huo? Walikutana na kuvunja vikao bila kuelewana, kaunti zikakaa bila pesa, hadi Septemba ndipo wakakubaliana. Mmoja wa wenyeviti wawili wa kamati ya maseneta 12 iliyotafuta maelewano alikuwa seneta wa Nairobi wakati huo, Johnson Sakaja, huyu huyu ambaye leo ni gavana. Kwa hivyo asituambie hajui mlango wa Bunge uko wapi. Alikuwa ndani.

Lakini nikisema ukweli, mimi singeweka mgao juu kabisa ya orodha. Najua baadhi yenu mtanikasirikia. Jiji hili linazalisha zaidi ya robo ya uchumi wa nchi, mbona lisidai zaidi? Kwa sababu mgao ni sahani moja. Ukiongeza kijiko chako, umepunguza cha mtoto wa Mandera au Turkana ambaye hata barabara ya kulalamikia hana. Seneti ina wajumbe wa kaunti zote, na Nairobi ina seneta mmoja wa kuchaguliwa kama Lamu. Vita hivyo tutapigana kila miaka mitano na mara nyingi tutashindwa. Kuna mambo matatu ambayo hayamnyang'anyi mtu chakula chake, na ndiyo ningeyaweka mbele.

La kwanza: Serikali Kuu ilipe ada za ardhi yake. Angalia tu katikati ya jiji. Wizara, nyumba za serikali, mashirika, vipande vya ardhi vya maana. Mama mwenye ploti Kayole asipolipa ada anatumiwa notisi na kuongezewa riba. Serikali Kuu ikichelewa, ni barua na kamati za kuhakiki madeni. Kaunti na Serikali Kuu zimevutana juu ya deni hili kwa miaka, kila upande na hesabu zake. Mwishoni mwa 2024 Rais alitia saini sheria mpya ya kitaifa kuhusu ada hizi. Sawa. Lakini sheria bila pesa kwenye bajeti ni karatasi, na bajeti hupitishwa na Bunge. Nairobi iombe jambo moja: kila mwaka fungu la ada hizo liwekwe kwenye bajeti ya taifa, kwa jina lake, na lilipwe kama mshahara unavyolipwa. Hapo hatuombi msaada. Ni mwenye nyumba anamkumbusha mpangaji.

La pili: usafiri. Kila asubuhi maelfu ya watu wanapanda mat Ruiru, Rongai, Kitengela, Mlolongo, na kazi zao ziko Nairobi. Githurai 44 ni Nairobi, ukivuka kidogo ukaingia 45 uko Kiambu. Abiria haoni mpaka, lakini sheria inauona. Ndiyo maana 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Iliundwa kwa agizo la Rais, si kwa sheria ya Bunge. Mwaka uliofuata ukaona mstari mwekundu umechorwa Thika Road, tukaambiwa mabasi ya kasi yanakuja. Rangi ile imefutika kabla ya mabasi kufika. Chombo cha kaunti tano kinahitaji sheria yake kamili, bajeti yake, na kiti cha abiria kwenye bodi. Namaanisha abiria wa kweli, anayejua nauli hupanda vipi mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: siri. Tarehe 25 Februari 2020 ulilala ukiwa na serikali ya kaunti uliyoichagua, ukaamka ukiambiwa afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji vimehamishiwa Serikali Kuu. Gavana Mike Sonko alikuwa ametia saini Ikulu. Likazaliwa NMS chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Juni mwaka huo mahakama ya ajira ikasema shirika hilo halikuundwa kwa kufuata sheria, kwamba umma haukushirikishwa, na ikatoa siku 90 mambo yarekebishwe. Sonko mwenyewe baadaye akaja kuulalamikia mkataba ambao una saini yake. Sikatai, kuna barabara zilizotengenezwa na zahanati zilizojengwa. Lakini ukiniuliza nani aliulizwa, jibu ni hakuna. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu majukumu kuhamishwa kwa makubaliano. Nairobi iliombe Bunge liongeze sharti moja: hakuna mkataba wa namna hiyo utakaotiwa saini kabla ya kuchapishwa wote na wakazi kupewa siku za kuusoma. Kama ni mzuri, utasomeka.

Utasema mimi naota. Basi tazama wenzetu. Kule Seattle, Marekani, kila mwaka kabla ya bunge la jimbo la Washington kuanza vikao vyake Januari, serikali ya jiji huandaa orodha ya mambo itakayoyaomba na kuichapisha. Mkazi yeyote anaweza kuisoma. Na si mchezo, maana jiji lile pia limefungwa mikono na walio juu yake. Tangu 1981 sheria ya jimbo iliizuia miji kudhibiti kodi ya nyumba, hivyo mpangaji wa Seattle aliyelia kwa meya alikuwa analia kwenye mlango usiofaa. Ni 2025 ndipo jimbo lenyewe lilipopitisha sheria ya kuweka kikomo cha nyongeza za kodi ya kila mwaka. Walioifuatilia walijua mlango ni upi, na wakabisha hapo.

Sisi je? Mimi sijawahi kuwekewa mezani karatasi moja inayosema: haya ndiyo mambo matano ambayo Nairobi itayaomba Bungeni mwaka huu, kwa mpangilio huu, na huyu ndiye atakayeyasimamia. Ninachokiona ni picha za viongozi wakisalimiana, halafu habari kwamba "wameelewana". Wameelewana nini? Kwa niaba ya nani? Orodha isiyoandikwa hubadilika kulingana na aliyekaa karibu na gavana siku hiyo. Mwenye matrela ya takataka anaweza kuwa namba moja, na zahanati yako ikawa namba tisa, na hutajua kamwe.

Kuna msee ataniambia, "Buda, ukiwapa hao pesa zaidi wataziiba tu." Nakuelewa. Ndiyo sababu nataka orodha iwe wazi. Pesa iliyoombwa gizani huliwa gizani. Ikiombwa kwa jina la mtaro fulani, wadi fulani, utajua pa kwenda kuuliza isipofika.

Na hapa ndipo nakuhitaji wewe. Nairobi ina maeneobunge 17. Ukiongeza mwakilishi wa kike na seneta, una watu 19 uliowapigia kura au ungeweza kuwapigia, ambao kazi yao iko ndani ya Bunge. MCA wa wadi yako yumo bunge la kaunti, huyo ni mwingine. Je, unaweza kuwataja wanne wako bila kugoogle? Mimi nilikuwa najua wawili. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Huhitaji digrii. Mimi niliacha chuo na nimekisoma, kiko kwa Kiswahili na kinaeleweka.

Juni 2024 kizazi chetu kilionyesha kinaweza kusoma mswada. Watu walikaa kwenye mat wakisoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, wakatafsiriana, wakaenda mpaka kwenye lango la Bunge. Mswada ukarudishwa. Baadhi ya wenzetu hawakurudi nyumbani siku ile, na sitaandika kama kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini tusikubali kwamba tunalijua Bunge siku ya moto peke yake. Lipo pia Jumanne ya kawaida, kamati ikiwa imekaa, viti vya wageni vitupu, na mtu wa City Hall akiomba kitu kwa jina lako.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kutoa simu umtusi mtu, andika barua fupi. Mpelekee mbunge wako, nakala kwa seneta, nyingine City Hall. Uliza mstari mmoja tu: Nairobi imeomba nini Bungeni mwaka huu, na kwa mpangilio gani? Wakijibu, tutasoma. Wakinyamaza, tutakuwa tumejua afisi ya kuanzia.

Mimi yangu nimeshaandika. Mtaro wetu nimeutaja kwa jina.