Skuli si Kosa: Maneno ya Kiingereza katika Vinywa vya Pwani

Lugha inapokopa neno, hukopa sauti kwanza. Tahajia huja baadaye. Mkopaji hana kamusi mkononi, ana sikio tu, na sikio hilo limelelewa na lugha ya mama yake. Ndiyo maana neno lile lile la Kiingereza likiteremka bandari ya Mkoani huvaa umbo moja, na likiteremka Dar es Salaam au Mombasa huvaa jengine. Khitilafu hizi hatuzioni kuwa na uzito mpaka pale mtu anaposhika kalamu nyekundu na kuamua kuwa umbo moja ni lugha na jengine ni kosa.

Mwanafunzi mmoja wa Wete alinionesha shairi lake lililorudi kutoka kwenye shindano. Ndani yake mama anawausia watoto wake, na katika ubeti mmoja kina cha kati ni *-li*. Ukwapi wa mshororo wa kwanza unasema: *Wanangu nendeni skuli*. Wa tatu unasema: *Kampeleka spitali*. Mwamuzi alikata *skuli* akaandika *shule*, akakata *spitali* akaandika *hospitali*, pembeni akaongeza maneno matatu: "Tumia Kiswahili sanifu." Alama zikapungua. Kijana aliniuliza kama kweli hajui Kiswahili. Makala haya ni jibu langu kwake, na nimeona niliseme mbele ya washairi wote.

Tuanze na *skuli*. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa upande huu wa dunia: Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza, na bara iliyotukabili ikabaki kwa Wajerumani. Ukisimama pwani ya magharibi ya Pemba, Tanga iko ng'ambo ya mkondo. Huko Tanga Wajerumani walifungua skuli ya serikali mwaka 1892, na neno lao *Schule* likaingia katika Kiswahili kwa jina la *shule*. Huku kwetu likaingia *school* la Mwingereza, tukaliita *skuli*. Mkondo wenye upana wa kilomita zipatazo 50 ukawa mpaka wa maneno mawili kwa jambo moja. Visiwani Komoro, walikotawala Wafaransa, husema *likoli*. Kila mmoja wetu, anapotaja pahala alipojifunza kusoma, hutaja bila kujua bendera iliyopepea juu ya paa lake. *Shule* ni neno la mkopo sawasawa na *skuli*. Tafauti ni kwamba moja lilitoka Berlin na jengine London. Sioni kwa nini mkopo wa Berlin uwe usanifu na mkopo wa London uwe upotofu.

Habari ya *spitali* inafurahisha zaidi. Wanaoikosoa hudhani kwamba Mpemba ameshindwa kutamka *ho* ya mwanzo. Lakini Waingereza wenyewe waliwahi kusema *spital*. Mashariki ya London pana mtaa uitwao Spitalfields, uliopata jina lake kutokana na St Mary Spital, nyumba ya watawa na wagonjwa iliyoasisiwa mwaka 1197. Ikiwa London imeishi na *spital* kwa zaidi ya miaka mia nane bila ya kuitwa jahili, mgonjwa wa Mkoani ana haki ya kupelekwa *spitali*, hata kama kibao cha mlangoni kimeandikwa *Hospitali ya Abdalla Mzee*.

Maneno haya yana faida nyengine kwa mpenzi wa lugha: yanahifadhi sauti za watu waliokwisha kufa. Angalia *kadi*, *fomu*, *yunifomu* na *bodi*. Katika tahajia ya Kiingereza yote yana *r* kabla ya sauti ya mwisho, nasi hatuna hata moja. Hatukuiangusha sisi. Kiingereza cha watawala wa kusini mwa Uingereza kilikuwa kimekwisha kuacha kuitamka *r* hiyo, ingawa Uskoti na Marekani wanaitamka mpaka leo. Sikio letu liliandika lilichosikia. Neno *motokaa* lingekuja na *r* mbili lau lingeletwa na Wamarekani.

Angalia tena *shati*, *sketi* na *nesi*. Katika Kiingereza maneno haya matatu yana irabu moja, irabu ambayo Kiswahili hakina. Sikio lilipoikuta, mara liliisogeza kwenye *a*, mara kwenye *e*. Kwa upande mwengine kuna sauti ambayo sikio liliipokea kwa utaratibu usioyumba: *meli*, *jela*, *geti*, *breki*, *keki*, *treni*. Humo mote Mwingereza hutamka irabu inayoteleza kutoka *e* kuelekea *i*, nasi tumeituliza ikawa *e* safi. Hiyo *meli* yenyewe asili yake ni neno la barua, kwa sababu ya vyombo vya moshi vilivyobeba barua. Barua zikasahauliwa, chombo kikabaki na jina.

Yapo pia yasiyofuata utaratibu. *Tyre* na *wire* katika Kiingereza ni vina kamili, lakini kwetu moja limekuwa *tairi* na jengine *waya*. Na *manowari*, jina la jahazi la vita lililozoeleka tangu zama za meli za Uingereza zilizozunguka Unguja na Pemba zikiwasaka wafanya biashara ya watumwa, limeishikilia *r* yake mpaka leo. Maneno hayakuingia kwa mlango mmoja. Mengine yalisikiwa kwa maofisa, mengine kwa mabaharia, mengine kwa wenye maduka wa Kihindi, na mengine yalisomwa juu ya makasha. Anayetaka kuyanyoosha yote kwa rula moja anafuta nyayo za milango hiyo.

Sasa turudi kwenye shairi, maana hapo ndipo pana hasara inayohesabika. *Wa-na-ngu ne-nde-ni sku-li*: mizani minane. Ukiweka *shule*, mizani inabaki minane lakini kina cha *-li* kimevunjika. *Ka-m-pe-le-ka spi-ta-li*: minane tena. Ukiweka *hospitali*, kina kinasalimika lakini mizani inakuwa tisa, na ukwapi umefura. Kwa hiyo mwamuzi yule, kwa nia ya kusafisha lugha, aliharibu kina mahali pamoja na mizani mahali pengine, kisha akampunguzia mtunzi alama.

Atakayesema kwamba *s* ya *skuli* ihesabiwe mizani peke yake, namwomba aitamke kwa sauti. Herufi *m* katika *mtu* ina mvumo wa kutosha kusimama pekee. Mwimbaji anaweza kuivuta. Herufi *s* haivutiki kwenye wimbo, huegemea konsonanti inayoifuata, kama *m* ya *mbuzi* inavyoegemea. Mizani ni ya sikio kabla ya kuwa ya jicho.

Wengine hutaka kutufanyia hisani kwa kusema kwamba *spitali* ni inkisari, na inkisari inaruhusiwa kwa mshairi. Nashukuru, lakini siipokei. Inkisari ni pale mtunzi anapolifupisha neno kwa dharura ya mizani. Mwanafunzi wa Wete hakufupisha chochote. Aliandika neno kama anavyolisema bibi yake na jirani yake. Ruhusa huombwa na anayetoka nje ya lugha. Yeye alikuwa ndani.

Na hapa pana jambo linalonisumbua zaidi. Mshairi wa bara akiandika *mato* badala ya *macho*, *nti* badala ya *nchi*, au *ndoo* badala ya *njoo*, hakuna anayemkata. Husifiwa kwamba ameuonja ushairi wa Lamu na Mvita. Hiyo ni heshima njema, nami naiunga mkono. Lakini kwa nini lahaja ya kaskazini iwe pambo, na ya Pemba iwe doa? Kisiwa hiki ni kisiwa cha Kamange na Sarahani. Mwaka 1958 mtaalamu W. H. Whiteley alichapisha kitabu kizima juu ya lahaja na ushairi wa Pemba. Hatuwezi kuambiwa leo kwamba tumeanza kujifunza kupima mizani jana.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Lugha sanifu ni daraja. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki ilikichukua Kiunguja kuwa msingi, na bila ya msingi wa pamoja mtoto wa Kigoma na wa Lamu wangesumbuka kusoma kitabu kimoja. Katika mtihani, katika sheria na katika tangazo la dawa, umbo moja ni salama zaidi. Sipingi hilo. Ila shairi si tangazo la dawa, na sijakutana na msomaji wa Kigoma aliyeshindwa kuelewa *skuli*. Tena *skuli* si neno la uchochoroni: ndilo linalotumika katika majina rasmi ya Zanzibar. Hata kamusi ya BAKIZA ya mwaka 2010 inaitwa *Kamusi la Kiswahili Fasaha*, na wale waliozoea kusema "kamusi ya" waliisoma bila ya kudhurika.

Wala sidai kila mtu aandike apendavyo. Umbo la kutetewa ni lile lenye watu wanaolisema, si lile lililobuniwa usiku wa manane kuziba pengo la kina. *Baskeli* ina mizani mitatu, *baiskeli* minne, *baisikeli* mitano, na yote matatu yana wenyewe. Huo ni utajiri ambao mshairi wa lugha nyengine angeuonea wivu.

Kwa waamuzi na wahariri, basi, ninaomba mambo matatu. Lisomeni shairi kwa sauti kabla ya kulihesabu. Ulizeni mtunzi ametoka wapi kabla ya kuuliza kama anajua lugha. Na neno likiwa geni kwa wasomaji, wekeni maelezo chini ya ukurasa, mliache neno lenyewe mahali pake. Yule kijana nimemwambia aliandike shairi upya kwa hati safi, na *skuli* yake na *spitali* yake, alipeleke tena mwakani.