Somo Limeeleweka

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua madaftari ya watu wengine. Nimekagua nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Karatu, nikakagua tena katika chuo cha ualimu nilikomalizia utumishi. Nathubutu kusema kwamba sijaona mahali palipoandikwa uongo mwingi kuliko safu ya mwisho ya azimio la kazi, ile ya "maoni". Humo mwalimu hutakiwa kueleza yaliyotokea darasani: nani alikwama, alikwama wapi, na nini kirudiwe. Badala yake huandika maneno mawili: "Somo limeeleweka." Jumatatu limeeleweka, Jumanne limeeleweka, na siku ya mvua ambapo nusu ya darasa hawakuweza kuvuka korongo, limeeleweka vilevile. Mtihani ukija, sote tunapigwa na butwaa.

Nilidhani ugonjwa huu ni wa walimu peke yao. Uzeeni nimegundua kwamba waandishi wa programu za kompyuta nao wanao, tena wao hawana hata kisingizio cha kumwogopa mkaguzi.

Nitaeleza nilivyoingia katika mambo haya ya vijana. Mjukuu wangu alisomea kompyuta Dodoma. Likizo moja aliandika programu ya kutunza hesabu za chama chetu kidogo cha kuweka na kukopa. Aliiandika bila malipo, kwa lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliiunda katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo ingali inafanya kazi hata katika kompyuta kuukuu kama ile ya chama. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi, nami ndiye niliyeisifu programu ile mbele ya mkutano. Isitoshe, ni mimi niliyependekeza tuache kuandika stakabadhi za mkono, eti tunapoteza karatasi.

Baada ya miezi kadhaa akaja mama mmoja anayeuza vitunguu vya Mang'ola pale sokoni. Alidai kwamba fedha alizoweka mara tatu hazimo katika hesabu yake. Tukaiwasha mashine, na kweli hazikuwamo. Wajumbe wakatazamana. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, mashine haina sababu ya kumwonea mtu."

Akanijibu taratibu, "Mwalimu, na mimi nina sababu gani ya kujiibia?"

Aliondoka akiwa na jina la mwongo, na jina hilo tulimpa sisi. Siku ya tatu, giza linaingia, karani wa chama akanijia nyumbani na daftari la shule lenye mistari. Shikamoo yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kuungama. Tangu mwanzo hakuiamini kompyuta, akawa anaandika kila malipo kwa siri, jina, tarehe na kiasi, na aliogopa kusema kwa sababu mimi ndiye niliyeikataza kazi hiyo. Mama yule alikuwamo, mara tatu. Tulipolinganisha daftari na mashine tukakuta wanachama 11 waliopotelewa na fedha katika muda wa wiki tatu. Wengine kumi hawakuwa wamekagua hesabu zao tu.

Chanzo kilikuwa kichekesho. Mtu fulani alikuwa ameijaza diski ya kompyuta video za sherehe ya kipaimara, kisha baadaye akazifuta. Kwa wiki tatu diski haikuwa na nafasi hata ya mstari mmoja, na kwa wiki hizo tatu programu iliendelea kuandika kwenye skrini, kila malipo yalipoingizwa: "Yamehifadhiwa."

Mjukuu aliporudi nilimwomba anisomee alichoandika, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati, sikuona kwa nini nishindwe. Aliniachia pia kitabu cha Kernighan na Ritchie, toleo la pili la mwaka 1988, nami nimekisoma kwa kamusi hadi kikalegea jalada. Haya ndiyo niliyoelewa. Programu haifanyi kila kitu yenyewe. Huita maktaba, yaani mkusanyiko wa fankisheni zilizokwisha kuandikwa na wengine, kila moja na kazi yake. Unapoiambia maktaba ya C iandike katika faili, aghalabu haiandiki papo hapo. Hufanya kama karani anayeweka barua kikapuni ili mhudumu azipeleke posta jioni. Kuandika kwenyewe kwaweza kufanyika wakati wa kulifunga faili, na ndipo itakapojulikana kama diski imejaa. Basi fankisheni ya kufunga hurudisha alama ya kushindwa, na sababu huwekwa kwa namba katika kisanduku kiitwacho errno. Katika Linux namba ya diski iliyojaa ni 28.

Kwa hiyo maktaba ya C ilitimiza wajibu wake. Ilisema 28, tena na tena, kwa wiki tatu. Aliyenyamaza ni kijana wangu. Kati ya maktaba ile na programu alikuwa ameweka maktaba yake mwenyewe, ndogo, ya kutunza malipo, na fankisheni yake ya kuhifadhi aliitangaza kwa neno la C lenye maana ya "tupu", yaani hairudishi jibu lolote. Msomaji alitafakari hilo. Sikulaumu kwamba ilishindwa; diski ikijaa imejaa. Nalaumu kwamba aliiumba bila mdomo. Hata kama programu ingetaka kuuliza, hapakuwa na wa kujibu.

Alijitetea, na si vibaya kumpa haki yake. Alisema: "Babu, ukikagua kila jibu, ukurasa mzima unakuwa makosa matupu, kazi yenyewe haionekani." Ni kweli kwamba ukurasa unarefuka. Alisema pia kwamba mambo hayo hutokea kwa nadra. Hapo ndipo tulipogombana. Daftari la mahudhurio halikuchapwa kwa ajili ya siku ambayo watoto wote wamefika.

Nilimkumbusha malori. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana, nilipanda malori ya mahindi yaliyopita lango la Lodoare kuelekea upande wa Endulen. Asubuhi, katika barabara ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ukungu huwa mzito hata dereva haoni bonde lililo hatua chache kutoka gurudumu lake. Juu ya mzigo alikaa utingo. Akigonga bodi mara moja, dereva asimame; mara mbili, aende. Utingo aliona tairi la nyuma na kamba za mzigo, vitu ambavyo dereva hawezi kuviona, lakini hakushika usukani. Maktaba ni utingo. Ziko zinazolala juu ya mzigo, kama ile ya mjukuu wangu. Ziko pia zinazofanya kinyume: zikikutana na shida zinaizima programu nzima zenyewe, kama utingo anayeruka na kuchomoa ufunguo mlimani. Nyingine humwaga malalamiko kwenye skrini mbele ya mteja asiyejua lolote, badala ya kumwambia dereva. Hizi zote nazikataa. Utingo agonge, tena kwa namna isiyoweza kudhaniwa kuwa ni ishara ya kwenda.

Hilo la ishara si dogo. Januari 2009 watunzaji wa OpenSSL, maktaba ya C inayolinda mawasiliano ya siri katika sehemu kubwa ya intaneti, walitangaza dosari iliyotokana na jambo hilo hasa. Fankisheni ya kukagua saini za kidijitali ilijibu 1 kama saini ni sahihi, 0 kama si sahihi, na namba hasi kama ukaguzi wenyewe umeshindikana. Sehemu kadhaa zilizoiita ziliuliza jambo moja tu: je, jibu ni sifuri? Kama si sifuri, pita. Na -1 si sifuri. Basi saini iliyoharibika kiasi cha kumshinda mkaguzi iliweza kupita kama halali. Ajabu ni kwamba maktaba hiyo ina daftari la makosa bora kuliko nyingi. Huorodhesha makosa moja baada ya jingine, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Kuandika kosa ni jambo moja, na kulifikisha kwa mwenye uamuzi ni jambo jingine kabisa.

Mjukuu wangu alilijua hilo kwa njia ngumu. Toleo lake la pili liliandika kila kosa katika faili la kumbukumbu. Nikamuuliza faili hilo liko wapi. Liko katika diski ileile. Nikamuuliza, diski ikijaa, taarifa ya kujaa kwake itaandikwa wapi? Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Wala siisamehe C yenyewe. Kisanduku cha errno kina nafasi ya namba moja. Kosa jipya likija, la zamani linafutika, na kazi iliyofaulu hailazimiki kukisafisha, hivyo ukichelewa kukisoma waweza kusoma habari za jana. Ni ubao mmoja kwa walimu wote, kila mmoja na kifutio chake. Namba 28 haisemi ni faili gani, malipo ya nani, wala ilikuwa katika kufanya nini. Maktaba iliyo juu yake ndiyo inayojua hayo, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kuyaongeza bila kuifuta sababu ya kwanza. Nakubali kwamba utingo anayegonga kwa kila jiwe hatimaye hupuuzwa. Lakini fedha ya mtu si jiwe la barabarani.

Wanaosema haya ni mambo ya chama kidogo cha mlimani watazame kwa majirani. Machi 2013, matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya yalipokuwa yakionyeshwa hadharani, kura zilizokataliwa zilipita 300,000, na wanasiasa wakaanza kubishana kama zihesabiwe katika asilimia, hadi tume ilipoeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Programu haikulalamika, ilionyesha tu. Huko Uingereza wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, katika mashtaka mengi yaliyotegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, na nyingi ya hukumu hizo zilifutwa kwa sheria mwaka 2024. Niliposoma habari hizo nilisikia sauti yangu mwenyewe: mashine haina sababu ya kumwonea mtu.

Mama yule tulimrudishia hesabu yake mbele ya mkutano, palepale tulipomvunjia heshima, nami nikasimama nikaomba radhi. Alipokea kwa adabu, hakusema mengi. Sasa fankisheni ya kuhifadhi ina mdomo. Wiki iliyopita karani alichomoa waya kwa bahati mbaya, skrini ikaandika kwamba malipo ya shilingi 15,000 hayakuhifadhiwa, ikataja jina la mwanachama, faili na sababu, na ikakataa kuendelea hadi mtu athibitishe kwamba ameona. Karani alinipigia simu kunisomea maneno yote, kwa furaha kana kwamba ameshinda bahati nasibu.

Stakabadhi za mkono zimerudi. Na lile daftari lenye mistari bado analo, sasa ni la tatu. Sijamwambia aliache.