Bei ya Gitaa la Mkono



Sisi wa karakana ya reli twaijua randa na gundi, lakini tukifika kwa fundi wa magitaa twabishana naye kama tunaonunua kuni. Hiyo si haki. Ubao wa mbele hupigwa randa mpaka unene wa milimita 3 hivi, na nyuzi sita za chuma zikikazwa huuvuta kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 70. Kwa hiyo fundi hubandika vijiti vya kuutegemeza kwa ndani, mahali mnunuzi haoni. Siku za kungoja gundi ikauke, nani amlipa? Sisi saa moja ya ziada twaidai kwa kelele! Juzi mwenzetu mmoja alimbana fundi mpaka akakubali nusu ya bei, akarudi akijisifu. Hatukumpongeza.