Boti isipowaka, stata isihukumiwe kabla ya kupimwa

Abiria wa boti za mbao zinazotoka Bukavu kwenda Idjwi, Kalehe au Goma wanaujua mlio huo. Nahodha anazungusha ufunguo, nyuma inasikika "tak" moja, kisha kimya. Anajaribu tena: "tak". Kijana wa mashine anainama, anatingisha kichwa cha betri kwa mkono, na mara injini inawaka. Watu wanacheka, safari inaanza. Siku ambayo kutingisha hakusaidii, fundi anaitwa, naye hachukui hata dakika tano kutoa hukumu: "Papa, demarere imekufa." Mwenye boti anatafuta stata nyingine ya mtumba, inafungwa, na wiki chache baadaye mlio uleule unarudi.

Mkono uliotingisha betri ulikuwa umekwisha kutoa jibu, ila hakuna aliyelisikia. Injini inayowaka baada ya waya kuguswa inasema kwamba tatizo liko pale ulipoguswa, kwenye kiungo cha waya, na stata haina hatia.

Stata ni mashine yenye njaa. Taa ya boti inakula ampea chache tu, lakini stata inayozungusha injini baridi inaweza kuvuta ampea 200 au zaidi kwa sekunde hizo chache. Kiungo chenye kutu ya kijani, au bolti iliyolegea, kinaweza kuleta kizuizi kidogo sana, sehemu moja ya mia ya omu moja. Kwa taa yenye ampea 5, kizuizi hicho kinapoteza volti 0.05, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Kwa stata yenye ampea 200, kizuizi hichohicho kinapoteza volti 2. Betri ya volti 12 inayolemewa na stata huwa tayari imeshuka kama hadi 10 na nusu. Ukitoa mbili, stata inabaki na nane na nusu, na kwa kiasi hicho injini nzito haizunguki. Ndiyo maana ile hoja inayosikika kila siku bandarini, kwamba betri na waya ni vizima kwa sababu taa zinawaka, haina uzito wowote.

Kwenye boti ya mbao tatizo lina sura ya pekee. Fundi wengi walijifunza kazi kwenye magari, na ndani ya gari mwili wa chuma ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri. Waya hasi, yaani masi, hufungwa mahali popote penye chuma na kazi imekwisha. Mbao haipitishi umeme. Betri ikisogezwa mbele ili isilowe maji ya chini ya boti, umeme unapaswa kwenda na kurudi kwa waya mrefu, na waya wa kurudi unapaswa kuwa mnene sawa na ule wa kwenda. Mara nyingi sivyo. Ule mwekundu hununuliwa mzuri, na mweusi huungwaungwa kwa kilichobaki, kana kwamba umeme wa kurudi umechoka na hauhitaji nafasi.

Watu waliolijua jambo hili mapema ni wale ambao Bukavu haina hata mmoja wao: waundaji wa ndege za kujitengenezea nyumbani. Huko Marekani chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, na maelfu ya ndege zimeundwa kwenye gereji za nyumba. Mojawapo ya zinazojulikana sana ni Long-EZ ya Burt Rutan. Mwili wake ni wa povu na nyuzi za kioo, injini iko nyuma, na betri mara nyingi iko puani. Kama boti ya mbao, mwili huo haupitishi umeme, na waya hulazimika kusafiri urefu mzima wa ndege. Malalamiko ya waundaji hao ni yaleyale ya bandarini: stata inazunguka kivivu, inanunuliwa mpya, inazunguka kivivu vilevile. Wenye uzoefu miongoni mwao wana jibu moja kabla ya ushauri mwingine wowote. Wanauliza ni volti ngapi zinasomeka wakati ufunguo umezungushwa, na wapi.

Upimaji wenyewe si elimu ya chuo kikuu. Multimita ndogo inatosha. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2, imebaki nusu, na maneno mengine yasubiri ichajiwe. Kisha mtu mmoja azungushe ufunguo huku mwingine akisoma. Kwenye nguzo za betri zenyewe, volti zikianguka chini ya 9 na nusu, betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi. Zikibaki juu na stata bado haizunguki, basi mkono mmoja wa multimita uwekwe kwenye nguzo chanya ya betri na mwingine kwenye bolti ya stata, ufunguo uzungushwe tena. Kinachosomeka hapo ni volti zilizopotea njiani. Zikizidi nusu volti, waya huo una ugonjwa. Upande wa masi hupimwa vivyo hivyo, kutoka mwili wa injini hadi nguzo hasi, na hapo ndipo boti za mbao hukamatwa mara nyingi.

Masikio nayo yana kazi. Milio mingi ya haraka, tak-tak-tak, kwa kawaida ni betri dhaifu au kiungo kibovu. Kimya kabisa kinaelekeza kwenye ufunguo, fyuzi au waya mwembamba unaoiamuru stata. Mlio mmoja mzito, huku volti kamili zikifika kwenye bolti na masi ikiwa safi, hapo stata ina kesi ya kujibu: makaa yake yameisha, au imekwama.

Jambo moja likome hata bila kipimo: kuwasha kwa kugusisha bisibisi kwenye bolti mbili za stata. Cheche yake ni kubwa, na kwenye boti yenye bidoni za petroli chini ya viti vya abiria, hakuna haraka inayoihalalisha.

Kwa nini basi fundi hawapimi? Kusema ni wavivu ni kuwaonea. Mteja wa Bukavu hulipa kipuri na kazi ya kukifunga. Fundi akitumia saa nzima kupima, kisha akasafisha kiungo kwa msasa na kukaza bolti, mteja humtazama kama tapeli: "Unanidai kwa kukaza bolti?" Akibadilisha stata, hata kama haikuwa na kosa, mteja huona chuma kipya na kufungua mfuko. Kwa mpango huo, ujuzi ni hasara na kubahatisha ni biashara. Wenye boti ndio wanaoweza kuugeuza, kwa kukubali kulipa bei ya kupima hata pasipobadilishwa kitu, na kudai waonyeshwe namba kwenye multimita kabla stata haijatolewa. Multimita ni rahisi kuliko stata ya mtumba; mwenye boti tatu anaweza kununua yake mwenyewe.

Abiria nao hawana njia nyingi za kuchagua. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 na safari za abiria za Kavumu zikakatika mwezi uliofuata, vita vilipofika Bukavu. Ziwa Kivu likabaki njia ya watu na ya viazi, ya mgonjwa na ya mfanyabiashara. Mnamo Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikaua makumi ya watu. Ile ilikuwa imejaza kupita kiasi, na stata haikuhusika. Lakini boti iliyojaa hivyo, injini ikizima katikati ya maji na kukataa kuwaka, inageuzwa na upepo ubavu kwa mawimbi, na nahodha hana tena usukani.

Komisaria ya ziwa hukagua mizigo na maboya ya kujiokolea. Iongeze dakika kumi: boti ikiwa bado imefungwa kwa kamba na abiria wakiwa nchi kavu, injini izimwe na kuwashwa mara tatu mfululizo, multimita ikiwa juu ya betri. Itakayosuasua mara ya tatu ibaki Bukavu siku hiyo, na fundi aanzie kwenye waya mweusi.