Binti Akiomba Ruhusa ya Kujifunza Karate



Juma lililopita alitujia mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, simu i mkononi. Bintiye, aliye mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha bara, amemwandikia kuomba ruhusa ya kujiunga na klabu ya karate ya wanafunzi. Sababu aliyoitaja ni moja: hutoka maktaba usiku, na njia ya kurudi chumbani kwake haina taa. Babake amekwisha kukataa. Mama akatuuliza, "Nanyi mwasemaje, dada zangu?"

Tukiri ukweli: neno la kwanza lililotujia ni "hapana". Tuliwaza mavazi, mchanganyiko wa wavulana na wasichana, na maneno ya watu. Kisha tukajiuliza ni lipi katika hayo lililokatazwa na dini, na lipi ni mazoea yetu tu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wana kheri. Bi Aisha (r.a.) naye amepokewa akisimulia kuwa alishindana mbio na Mtume akamshinda, na safari nyingine Mtume akamshinda yeye. Ikiwa mazoezi ya mwili hayakuwa aibu kwa Mama wa Waumini, hayawi aibu kwa binti yetu. Lililobaki kuangaliwa ni namna yanavyofanywa.

Tuanze na mavazi. Vazi la karate ni suruali pana na koti la mikono mirefu, na hijabu yaruhusiwa hata katika mashindano makubwa. Feryal Abdelaziz wa Misri alitwaa dhahabu ya karate katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, akiwa na hijabu yake kichwani.

Kugusana ndiko kwenye uzito zaidi. Judo ni mchezo wa kushikana na kuangushana. Karate ina mazoezi yaitwayo kata, ambayo mtu huyafanya peke yake bila mpinzani. Binti na aulize mapema kama ataweza kufanya mazoezi ya wawili wawili na wasichana wenzake tu. Klabu isiyokubali hilo si yake. Aulize pia kuhusu mapigo ya usoni, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso.

Kuna pia desturi ya kuinamiana kabla ya zoezi na baada yake. Sisi humwinamia Mola wetu peke yake. Amweleze mwalimu kwa adabu, kabla ya siku ya kwanza, kuwa yeye ataweka mkono kifuani.

La mwisho ni wakati. Mazoezi ya jioni yaweza kumpotezea Magharibi, na yakamrudisha kwenye njia ile ile ya giza. Tena asidhani kuwa muhula mmoja wa karate watosha kumkabili mhalifu. Kukimbia, kupiga kelele na kutembea na wenzake ndiyo kinga ya kwanza. Kwa hiyo twawaomba wazazi wake wauandikie uongozi wa chuo kuhusu taa, hata kama ruhusa itatolewa.

Kwa baba yake tuna neno moja la heshima. Bara ni mbali, na binti huyu angeweza kujiunga kimya kimya asionwe na yeyote wa nyumbani. Hakufanya hivyo, ameuliza. Jibu la mkato laweza kuwa ndilo litakalomfundisha kutouliza tena. Keti na mama yake, mpigieni simu, myapitie haya pamoja. Mkikataa baada ya hapo, atajua mmemsikiliza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walio mbali na macho yetu. Amin.