Jibu kwa Aliyewatia Hofu Waja Wazito

Mwandishi aliyetangulia amedai kwamba kitovu chenye ateri moja badala ya mbili ni dalili ya mimba iliyokwisha haribika, kwa kuwa mtoto hukosa nusu ya damu ya kumlisha. Madai hayo yameporomoka tangu msingini. Mkunga yeyote akitazama ncha ya kitovu kilichokatwa huyaona matundu matatu: moja pana lenye kuta nyembamba, ndiyo vena iletayo damu yenye oksijeni na chakula kutoka kondo la nyuma, na mawili madogo yenye kuta nene, ndizo ateri, ambazo hazimlishi mtoto hata kidogo, bali huirudisha kondoni damu iliyokwisha tumika. Nusu ipi, basi, iliyopotea? Asiyeijua njia ya kuingia na ya kutoka ana haki gani ya kutoa hukumu?

Hali hii huonekana takriban katika mimba 1 kwa kila 100, na aghalabu, isipoambatana na ila nyingine, mtoto huzaliwa salama. Mama uliyetishwa, nenda kliniki, moyo na figo za mwanao zitazamwe kwa altrasaundi, na ukuaji wake ufuatiliwe.